Kikundi Kilichoanzia Mtaroni

Fomu iliyotoka wilayani ilikuwa na kisanduku kimoja chenye ukubwa wa kiberiti, na juu yake pameandikwa: Mwaka wa kuanzishwa kwa kikundi na sababu ya kuanzishwa. Nikaandika, "2007, kutunza mazingira na afya ya jamii," nikapiga muhuri. Mimi Tusajigwe, Mama Lugano, ndiye katibu wa Kikundi cha Bustani ya Zahanati tangu siku ya kwanza, na muhuri nalala nao. Lakini nilichoandika mle kilikuwa uongo, na kuanzia kijijini kwetu hadi Ikolo hakuna asiyejua kuwa ni uongo. Kikundi chetu hakikuanzishwa kutunza mazingira. Kilianzishwa kwa sababu Yunis alichoka kuruka mtaroni.

Yunis ni mke wa Gidion, na Gidion ni mtoto wa Mzee Hebroni. Mzee Hebroni ni kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, kwa hiyo kwangu ni baba, na Yunis ni wifi yangu, na haki zote za kumtania ninazo. Siku hizi pale Kyela mjini utakuta mkwe na mkamwana wamekaa meza moja, wanachambua samaki sahani moja, wanapigana picha za simu. Sawa, waendelee. Yunis yeye alilelewa na bibi yake, na bibi yule alimfundisha kwamba mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, hamsemeshi, hatamki jina lake, na akikutana naye njiani anampisha hata kama njia yenyewe ina upana wa uwanja wa mpira. Mzee Hebroni naye ni wa zamani hizo hizo. Mchungaji aliwahi kuwaambia kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mzee, kiti cha mbele, akaitikia amina. Yunis, aliyekuwa amejibanza nyuma ya nguzo ili asionekane, naye akaitikia amina. Ibada ikaisha, kila mmoja akatokea mlango wake.

Shida ilikuwa kwamba nyumba ya Mzee imepakana na zahanati, na njia ya kwenda kliniki inapita mbele ya uwanja wake. Pale mbele ndipo alipozoea kuweka kigoda chake na kuchambua kokoa yake, kutwa. Yunis akapata mimba ya kwanza. Miezi ya mwanzo alizunguka kwa nyuma, kwenye majaruba ya mpunga, maji magotini, akifika kliniki kalowa kama kambale. Mimba ilipofika miezi saba, mwezi wa nne, mvua za kwetu zile zisizoomba ruhusa, akaambiwa Mzee kaenda mjini kuuza kokoa. Akasema leo napita njia ya binadamu. Alipofika katikati, Mzee akachomoza kwenye kona na mkungu wa ndizi begani. Kulia ukuta, kushoto mtaro. Yunis hakufikiri mara mbili, akajitupa mtaroni na tumbo lake.

Tulimtoa wanawake wanne, tuliokuwa tumepanga foleni ya kliniki. Na kutoka alikataa kwanza, mpaka tumhakikishie kwamba Mzee ameingia ndani na kufunga mlango. Wiki mbili baadaye, tumbo likiwa mbele, alikuja na mzigo wa vijiti vya haibiskasi, yale maua mekundu ya kila nyumba, akavichomeka mstari mrefu kutoka kona ya zahanati hadi mwisho wa uwanja wa Mzee. Hatua arobaini, nimezihesabu. Akajifungua salama mtoto wa kike, Asifiwe, akakaa ndani na mwanawe. Kiangazi kikaja, jua likachoma hadi magugu, lakini vile vijiti havikufa hata kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, Yunis ana mkono, akichomeka kitu kinaota. Kijiji kizima kikadaka: Yunis ana mkono, Yunis ana mkono.

Uzio ulipofika kifuani, akina mama wa foleni wakaona kivuli. Palipo na kivuli watu hukaa, na wanawake wakikaa hawakai bure. Mmoja akapanda mchicha, mwingine akaleta mbegu ya bilinganya, na kabla ya mwaka kuisha tukawa na mwenyekiti, katibu na ugomvi, yaani kikundi kamili. Mama akijifungua pale zahanati harudi nyumbani bila fungu la mboga zetu. Kila mtoto anayezaliwa anapewa mche wake wa kokoa, na wapo watoto hapa wanaomaliza darasa la saba wakiwa wamevuna kokoa zao wenyewe. Mitaro tunaizibua sisi, makaburi ya waliokosa ndugu tunayapalilia sisi, na shuleni tulipanda ile miti ambayo walimu wanafungia pikipiki. Bustani ile imefanya mengi. Basi na isemwe ilianzaje.

Mzee Hebroni aliingia kikundini kwa mlango wa uani. Mke wake alipofariki, miaka minane iliyopita, alikaa miezi bila kula vizuri wala kuongea. Gidion ni mfanyabiashara, leo yuko Kasumulu mpakani, kesho Karonga kule Malawi, na mkamwana ndiyo huyo, anapeleka chakula na kukiacha mlangoni. Nilidhani tutamzika na yeye. Halafu asubuhi moja tukakuta viriba vya miche vimepangwa chini ya uzio upande wetu, ishirini, imenyooka kama wanafunzi paredi. Kesho yake ishirini mingine. Nikazunguka upande wa pili, nikamkuta Mzee amechuchumaa anajaza udongo kwenye viriba, uso umetulia. Nikamwandikisha uanachama hapo hapo.

Tukapata utaratibu. Mzee akikaribia upande wake, anakohoa mara mbili. Yunis akiwa upande wake, anagonga ndoo. Mikutano tulifanya hivi: Yunis mwenyekiti na wenzake upande wa zahanati, Mzee Hebroni mshauri wa ufundi kwenye kigoda chake upande wa pili, na mimi mwisho wa uzio, kwenye pengo, nazunguka kupeleka maneno. Mzee sauti yake ni ya chini, na Yunis akisikia tu kikohozi alikuwa anasogea mbali ili asije akaonekana anasikiliza maneno ya mkwe. Kwa hiyo neno lolote lilipita kwangu.

Nami nikiri: sikubeba yote. Mzigo mzito hupunguzwa njiani. Mzee akisema, "Mwambie mwenyekiti bilinganya zinakufa kwa sababu anamwagilia saa saba mchana kama mtu anayesonga ugali," mimi nilizunguka nikasema, "Wifi, Mzee anasifu bilinganya, ila anasema jioni ni bora zaidi." Yunis akisema, "Mwambie mwenye mji migomba yake inaninyima jua, aikate," mimi nilimfikishia Mzee kwamba mkamwana anashukuru kwa kivuli. Kwa miaka minane hawakuwahi kugombana, na watu walitutolea mfano makanisani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya hatua arobaini na ilinitosha.

Ndipo akaja Aliko, mganga mfawidhi mpya. Jina ni la kwetu, lakini kijana alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, na Kinyakyusa chake kinaishia kwenye ndaga, yaani asante. Si mtu mbaya. Alileta pazia chumba cha kujifungulia na dawa hazipotei. Wilaya ilipotangaza mashindano ya bustani za jamii, yeye ndiye aliyetuandikisha, na wageni wakapangwa kuja siku ya Ijumaa. Jumanne akasimama pale mikono miwili kiunoni, anauangalia uzio, wakati huo umempita kimo.

"Mama Lugano, huu uzio unakata bustani vipande viwili. Wageni wakikaa hapa wanaona nusu tu. Tuukate uje magotini."

"Haukatiki, Daktari."

"Kwa nini?"

"Kuna wakwe humu."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka. Nikamweleza kuanzia mtaro hadi kikohozi. Akacheka sana, akapangusa macho. "Mama, karne hii? Watasalimiana tu, yataisha."

Nikaenda kuwaambia wenyewe, na hapo ndipo nilipoogopa. Uzio ukikatwa, wawili hawa hawawezi kuwa bustani moja, na mmoja lazima atoke. Yunis bustani ile ndiyo nyumba yake hasa, kwake halisi analala tu, mume yuko mpakani. Mzee akitolewa pale, nilishamwona alivyokuwa kabla ya ile miche. Sikutaka kumwona hivyo tena.

"Wifi," Yunis akaniambia, "mwambie mwenye mji abaki. Mimi nitalima kwangu."

Nikazunguka. Mzee alikuwa ameshasikia kwa watu. "Mwambie mwenyekiti mimi ni mtu wa kuondoka hata hivyo, leo au kesho. Bustani ni yake. Mwambie hivyo hivyo."

Nikafika kwenye pengo nikasimama. Nikifikisha maneno yote mawili, hawa kwa heshima zao wataondoka wote wawili, na bustani itabaki kwa mbuzi. Kupunguza haiwezekani, kuongeza haiwezekani. Basi nikamwambia Yunis, "Amesema atafikiri." Nikarudi kwa Mzee, "Amesema atafikiri." Nikaenda kumsihi Aliko, naye akasema atafikiri. Nikaenda kulala, watu watatu wanafikiri.

Alhamisi nilikwenda Lyulilo kununua vyungu vya Wakisi vya kupandia maua ya mapokezi. Vyungu vile vizuri, lakini jaribu kuvibeba kwenye bodaboda, kimoja mapajani, viwili mgongoni, kimoja kakumbatia dereva. Nikarudi jioni mifupa yote inalia, sikupita bustanini. Laiti ningepita.

Ijumaa saa moja asubuhi nikaingia na vyungu vyangu kichwani na ile fomu ya wilaya kwapani, nikaona mbingu nyingi kuliko kawaida. Uzio haukuwepo. Aliko alikuwa ameleta watu Alhamisi alasiri, Mzee akiwa mjini na kokoa yake hadi usiku, wakaukata ukabaki visiki vya magotini, hatua arobaini. Na katikati ya ule uwazi kulikuwa na watu wawili.

Kwenye tuta la mchicha, kitu kimechuchumaa kimefunikwa kitenge gubigubi. Nikakitambua kitenge, ni cha Yunis. Ng'ambo ya visiki, mwanamume amesimama wima, tenga kubwa la kubebea ndizi amelivaa kichwani hadi mabegani. Mabuti ya mpira nikayatambua, ni ya Mzee.

Baadaye nilijua yalivyotokea. Kila mmoja, kwa kuwa sikumfikishia jibu, aliamua kivyake kuja mapema kuchukua vitu vyake na kumwachia mwenzake bustani. Mzee alikuja na tenga abebe kigoda chake, mkasi wake na viriba. Yunis alikuja kuchukua ndoo na jembe. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa wananyatia, hakuna aliyekohoa wala aliyegonga ndoo. Wakainua macho, uzio hakuna.

"Mko hivyo tangu saa ngapi?" nikauliza.

"Jogoo wa pili," tenga likajibu kwa upole.

"Sasa si muondoke?"

"Ataanzaje kuondoka mkamwana mbele ya mkubwa?" tenga likasema. "Na mimi nitaondokaje, sijui alipo? Naweza kumkanyaga."

Kitenge kikatikisika kukubali. Nikasema ngoja nimshike mkono Mzee nimpeleke kwake, yaishe. Ndipo nikasikia gari. Wageni wa wilaya walioahidi saa nne, ilhali mgeni yeyote wa wilaya anayejiheshimu angefika saa saba, walikuwa wamefika saa moja na nusu. Aliko akatoka mbio amefunga tai. "Mama Lugano, historia, lete historia!" Akanivuta mkono, fomu yangu, vyungu vyangu, na mimi mwenyewe, hadi mbele ya gari.

Wakashuka watano. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene, Bibi Nancy, ambaye nilikuja kujua kwamba kwao ni Tukuyu, Mnyakyusa mwenzetu, mila hizi anazijua. Aliko akaanza, "Karibuni, kama mnavyoona, bustani yetu iko wazi kabisa." Bibi Nancy akaangalia. Akaona tenga, akaona kitenge, akaona visiki katikati. Hakuuliza swali. Akawageukia wenzake.

"Geukeni nyuma."

"Kwani..." mmoja akasema.

"Geuka, baba."

Wakageuka wote, madaftari mkononi, wakawa wanaikagua barabara. Aliko naye akageuzwa begani. Bibi Nancy akapaza sauti bila kutazama, akamsalimu kwa Kinyakyusa: "Ugonile, taata. Njia ni yako. Sisi hatupo."

"Ndaga fijo," tenga likaitikia. Na kwa kuwa ameambiwa njia ni yake, Mzee akaanza kutembea, kwa heshima zote, kifua mbele, upande ambao siyo kabisa. Anaelekea shimo la mboji.

Mimi nilikuwa nimegeuka na wengine, lakini katibu lazima aone, nilikuwa naona kwa pembeni. Shimo lile lina kina cha mtu mzima na mvua za juzi zililijaza nusu, juu mavi ya ng'ombe, chini Mungu ndiye ajuaye. Mtu wa miaka themanini akitumbukia mle hatuzungumzii tena mashindano. Nikafungua mdomo nipige kelele. Na mdomo huu, ambao kijiji kizima kinaomba siku moja unyamaze, siku hiyo ndiyo ulionyamaza.

"Baba, simama. Shimo."

Sikuijua sauti hiyo mara moja. Ilikuwa ya Yunis, kafungua upenyo kwenye kitenge, lakini Yunis nisiyewahi kumsikia. Mguu wa Mzee ukabaki hewani. Akaurudisha polepole.

Tenga likauliza, "Kushoto au kulia?"

"Kulia kwako, Baba. Hapo. Sasa mbele kidogo. Kuna tuta."

"Hili shimo nilisema liwekewe kizuizi tangu mwaka juzi."

"Sikuambiwa, Baba."

"Hukuambiwa?" Akawaza. "Na ule mpapai dume usiozaa, nilisema ukatwe, mbona bado upo?"

"Mimi niliambiwa unaupenda."

Tenga likageuka polepole likanielekea. Kitenge nacho, kule kwenye mchicha, kikanielekea. Sijawahi kutazamwa vikali hivyo na vitu visivyo na macho.

"Mjumbe hauawi," nikasema. Hakuna aliyecheka, ila mgongo wa Bibi Nancy ulikuwa unatikisika.

Mzee akatafuta visiki kwa mguu, akavipata, akasimama hapo. "Basi, mwanangu, kwa kuwa tumeshavunja, acha nikuulize moja, nisije nikafa nalo. Siku ile ya mtaro. Salamu zangu zilikufikia?"

"Salamu gani, Baba?"

Mimi hapo ndipo nilipokumbuka. Miaka kumi na minane, halafu kitu kinarudi chote kizima, na harufu ya tope lake.

"Nilimtuma huyu huyu," Mzee akasema. "Jioni ile ile. Nikasema, mwambie pole sana. Mwambie kuanzia kesho kigoda changu nitakiweka nyuma ya nyumba, njia ya mbele ni yake, apite na tumbo lake asiogope. Nikakihamisha. Wiki mbili baadaye nikaona umepanda uzio. Nikasema, kumbe amechukia hadi nyumba yangu."

Ni kweli alinituma. Nilitoka na ujumbe ule mdomoni, na njiani nikakutana na watu wanakwenda msibani Ikolo, nikaungana nao. Msiba wa kwetu unajulikana, si wa kulia ukarudi. Nilipika siku nne, nikacheza ngoma, niliporudi ujumbe haukuwepo tena kichwani. Sikuwa na nia mbaya. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau chumvi.

Kitenge kilikuwa kinalia. Kulia kwenyewe, si kwa siri. "Sikuambiwa, Baba. Ningejua nisingepanda. Nilidhani nakukera."

"Mimi nilidhani nakutisha," Mzee akasema. "Halafu kikaja kiangazi, wewe umo ndani na mtoto mchanga, na vijiti vinaanza kunyauka. Nikasema, ikiwa ni ukuta, basi usife, ni kazi ya mikono ya mkamwana wangu. Nikawa namwagilia, kila jioni, hadi mvua."

Na mimi miaka yote hiyo natangaza mkono wa Yunis. Niliona aibu hadi visigino. Nikaomba radhi pale pale, kwa wote wawili, mbele ya migongo sita, na machozi yalinitoka na mimi.

Yunis akainuka, kitenge bado usoni, ameacha upenyo wa jicho moja wa kuona ardhi. Akaokota jembe, akamnyooshea Mzee mpini juu ya visiki. Mzee akapapasa akaushika. Wakaenda hivyo, yeye mbele anavuta, mzee wa tenga nyuma anafuata, wanazunguka matuta moja baada ya jingine hadi mlangoni kwake. Alipofika akakohoa mara mbili. Yunis hakuwa na ndoo, akagonga jembe kwa kucha.

Bibi Nancy ndipo alipogeuka. Akaziangalia bilinganya, mchicha, mikokoa ya watoto, akaandika. Kisha akamuuliza Aliko, "Huo uzio umekatwa na nani? Sisi tulikuja kuuona huo. Tulisikia habari zake hadi wilayani." Jumapili Aliko alikwenda kwa Mzee na jogoo, akaomba msamaha, na Mzee akamfundisha salamu, zaidi ya ndaga. Mashindano tulipata nafasi ya tatu. Zawadi yake keni mbili za kumwagilia, na sikuhitaji kuitisha mkutano kuamua ziende wapi.

Watu walidhani sasa uzio umekwisha kazi. Wenyewe hawakutaka kusikia. "Heshima ni heshima, wifi," Yunis akaniambia. "Huwezi kumkalia mkwe wazi wazi hivyo," Mzee naye akaniambia, bila kujua mwenzake kasema nini. Wakaamua visiki ving'olewe na uzio upandwe upya. Kazi hiyo ina vijiti mia na kidogo, na Yunis zamani aliimaliza asubuhi moja na mimba ya miezi saba na nusu. Safari hii mmoja alishika kijiti, mwingine akashindilia udongo, yeye amejitanda kitenge, Mzee kofia imemfika puani, na ikawachukua siku tatu. Walizungumza bilinganya, na marehemu mama mkwe, na Asifiwe aliyeko bweni na tabia yake ya kuomba viatu vipya. Nilikuwa napita na kahawa kila baada ya muda, na hakuna aliyenituma popote.

Miezi mitano sasa. Haibiskasi kwa mvua zetu ilipaswa kuwa kiunoni. Iko magotini. Kila nikifika asubuhi nakuta machipukizi yamekatwa kwa juu, kwa mkasi, mkato safi. Upande wa pili kuna alama za mabuti ya mpira. Upande huu kuna alama za kandambili ninazozijua. Sikuuliza, maana nimejifunza.

Juzi Yunis akaniita. "Wifi, mwambie mwenye mji uzio mwaka huu unakua polepole sana, sijui kwa nini."

Nikazunguka. Kabla sijafungua mdomo, Mzee akasema, "Mwambie mwenyekiti udongo huu nadhani umechoka, uzio haukui, tuvumilie."

Walikuwa hatua nne tu kati yao, na uzio unawafika magotini. Nikamfikishia kila mmoja maneno ya mwenzake kama yalivyo. Sikupunguza hata neno moja.